Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kukusanya Sarafu za Nyumbani na za Ng'ambo

Safu ya mwezi huu nimeiachia sarafu peke yake, kwa sababu barua zinazohusu jambo hili zimekuwa zikirundikana mezani tangu mwaka ulipoanza. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi nimeyaacha, kwa kuwa mtu anayetangaza gazetini kwamba ana rupia za fedha kabatini hujitafutia wageni ambao hakuwaalika.

Shikamoo Mzee. Niko chuoni hapa Morogoro na ningependa kuanza kukusanya sarafu, ila fedha yangu ni ya mwanafunzi. Rafiki yangu ananiambia ninunue kila sarafu ya zamani ninayoiona, ya nchi yoyote. Je, nimfuate?

Marahaba, mwanangu. Kwa miezi ya mwanzo ushauri wa rafiki yako hauna ubaya, maana jicho hujifunza kwa kuona vingi. Lakini anayeendelea hivyo huishia na kopo zito la vyuma mchanganyiko ambavyo hawezi kumweleza mgeni ni nini, na siku sarafu adimu ikipita mikononi mwake ataiachia iende, kwa sababu hajawahi kujifunza kinachoifanya sarafu iwe adimu. Chagua uwanja mdogo, uujue vizuri, ndipo upanue.

Mtu wa Afrika Mashariki mwenye fedha kidogo mimi humwelekeza kwenye sarafu moja tu, nayo ni senti 10 yenye tundu katikati, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo iliundwa London mwaka 1919, na fedha zake zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha Zanzibar nayo ikajiunga mwaka 1936. Senti 10 hiyo ilianza kutolewa mwaka 1921 na ya mwisho ina mwaka 1964. Ilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo hadi leo utaikuta kwa wauza vitu vya kale na ndani ya masanduku ya mabibi, na muuzaji mwenye haki hatakuomba fedha nyingi.

Ichukue mkononi uisome. Upande mmoja una taji na jina la mtawala kwa Kilatini. Upande wa pili una pembe mbili za ndovu zilizolikumbatia tundu, pamoja na mwaka. Za mwanzo zimeandikwa GEORGIVS V. Zinazofuata ndizo zinazowafurahisha wakusanyaji wa dunia nzima, na watu wetu wengi wamekuwa wakiwapa watoto wachezee. Mfalme Edward VIII alitawala tangu Januari 1936 hadi alipojiuzulu Desemba mwaka huohuo, na huko kwao Uingereza hakuna sarafu yenye jina lake iliyowahi kuingia katika matumizi ya kawaida. Sarafu za kwetu zenye tundu hazikuwa na nafasi ya kuchora sura ya mfalme, kwa hiyo kubadilisha jina kulitosha, na senti 5 na senti 10 zenye maneno EDWARDVS VIII zikatengenezwa kwa wingi. Angalia jina na si mwaka peke yake, kwa kuwa zipo pia za mwaka 1936 zenye jina la George V.

Baada ya hapo anakuja George VI, naye ana aina mbili. Za kwanza zina maneno ET IND: IMP:, yaani kwamba yeye pia ni mtawala mkuu wa India. India ilipopata uhuru mwaka 1947 maneno hayo hayakuwa na maana tena, na katika toleo lililofuata yakaondolewa. Kisha kuna za Malkia Elizabeth II, na mwisho zile za mwaka 1964 zisizo na jina la mfalme wala malkia. Ukizihesabu ni sarafu sita za thamani ileile, na zikipangwa kwa mfuatano zinaonyesha namna dola ya Mwingereza ilivyopungua hadi ikaondoka. Mkusanyiko wa namna hiyo naupa heshima kuliko ndoo nzima ya sarafu zilizookotwa kila mahali.

Ukishazimaliza sita hizo, anza kutafuta herufi ndogo zilizojificha karibu na mwaka au chini ya maandishi. H ni alama ya kiwanda cha Heaton na KN ni ya King's Norton, vyote vya Birmingham. Hapo ndipo kazi inapoanza kuwa tamu, na hapo ndipo utakapohitaji lenzi ya kukuzia mara kumi. Vifaa vingine vya lazima ni mizani ndogo ya kidijitali inayopima hadi sehemu ya mia ya gramu, kama ile ya masonara, na daftari la kuandika umenunua nini, wapi, na kwa bei gani. Jifunze pia kutumia namba zinazoanza na herufi KM, ambazo wakusanyaji wa nchi zote huzitumia kuitambulisha sarafu bila kuieleza upya kila mara.

Ukitaka za nyumbani zaidi, seti ya kwanza ya Tanzania ina sarafu nne tu, zilizotolewa mwaka 1966, ambao ndio mwaka Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake. Zote zina sura ya Mwalimu Nyerere, na nyuma zina samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye thumni, na mkono ulioshika mwenge wa uhuru kwenye shilingi. Kuzipata si kazi. Kazi ni kuzipata zikiwa hazijachubuka, na hilo ndilo zoezi zuri la kukufundisha kutazama hali ya sarafu, maana shilingi iliyozunguka sokoni miaka ishirini na shilingi iliyotoka kiwandani ikahifadhiwa ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mnunuzi.

Mhariri, mwanangu wa miaka kumi ameanza kuweka sarafu za Kenya kwenye chupa. Nimsaidie vipi bila kutumia pesa nyingi? — Mama, Nakuru

Mama, mtoto wako amebahatika, kwa sababu sarafu za Kenya zimebadilika mara nyingi na nyingi kati ya hizo bado zimelala majumbani. Mpe kwanza kazi ya kulinganisha sarafu za Mzee Jomo Kenyatta. Zile zilizotolewa kuanzia mwaka 1966 zina sura yake bila maandishi kuizunguka, ilhali kuanzia zile za mwaka 1969 ameandikwa kuwa ni rais wa kwanza wa Kenya. Watu wazima wengi wamezishika maisha yao yote na hawajawahi kuiona tofauti hiyo.

Kutoka hapo apite kwenye za Rais Moi, kisha ile ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, yenye sura ya Rais Kibaki na rangi mbili za madini. Katiba ya mwaka 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa za nchi, na hatimaye Desemba 2018 zikatoka za wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Hizi za mwisho azitoe kwenye chenji ya dukani, achague zinazong'aa. Siku mtakapokutana na shilingi 5 ya mwaka 1973 yenye pembe tisa, iliyotolewa kwa miaka kumi ya uhuru, hapo nunueni, kwa kuwa ilitengenezwa kwa idadi ndogo.

Chupa muiondoe. Sarafu zikigongana kila anapoitikisa hupata mikwaruzo isiyofutika.

Mzee wangu, naandika kutoka Tabora. Wamekuja watu wanatafuta rupia za Mjerumani. Wanasema rupia ya kweli huvuta mchele na kwamba ina mnunuzi wa nje atakayetoa mamilioni, ila kwanza nichangie gharama ya kuipima kwa mashine. Ninazo mbili za marehemu baba. Nifanye nini?

Usiwape chochote, wala rupia wala fedha ya kuipima, na usiwaonyeshe mahali unapoziweka. Rupia imetengenezwa kwa fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, na madini hayo hayavuti mchele, wala hayavuti sindano, wala sumaku yenyewe haiyashiki. Sarafu inayoonekana kuvuta kitu imetayarishwa kwa ajili ya maonyesho hayo. Mnunuzi wa kweli, awe wa Dar es Salaam au wa Berlin, ndiye anayetoa fedha. Akikutaka wewe utangulize, biashara imeishia hapo.

Sasa tuzitazame rupia zako. Rupia za kwanza, kuanzia mwaka 1890, zilitolewa na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu, na upande wa pili yupo simba mbele ya mnazi. Kuanzia mwaka 1904 serikali yenyewe ilichukua kazi hiyo, na badala ya simba yakawekwa maandishi DEUTSCH-OSTAFRIKA, thamani na mwaka, vikizungukwa na makuti. Mabadiliko mengine yalikuwa kwenye hesabu: awali rupia moja ilikuwa na pesa 64 kama ilivyokuwa India, baadaye ikawa na hela 100. Kwenye rupia hizi za serikali tafuta herufi ndogo A, ambayo ni ya kiwanda cha Berlin, au J, ambayo ni ya Hamburg.

Peleka rupia zako kwenye mizani. Rupia halisi ina uzito wa gramu 11.66, pungufu kidogo kama imechakaa, na takriban gramu 10.7 za uzito huo ni fedha safi. Uliza bei ya gramu ya fedha ya siku hiyo, zidisha, na utapata bei ya chini kabisa ambayo hupaswi kuipokea kwa furaha, kwa sababu hiyo ndiyo bei ya sonara anayetaka kuiyeyusha. Kinachoongezeka juu yake hutokana na mwaka, herufi ya kiwanda na hali. Rupia moja ya miaka ya kawaida, iliyochakaa, haimtajirishi mtu, na anayekuambia itakununulia nyumba anataka nyumba uliyo nayo.

Kwa kuwa uko Tabora, nakushauri utafute sarafu zilizozaliwa hapo hapo mjini kwenu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilizuia mizigo ya Wajerumani, sarafu kutoka Ulaya zikakoma, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Zilitoka hela 5 na hela 20 za shaba, za kazi ya haraka, nyingine kingo zake hazikukaa sawa, zote zikiwa na mwaka 1916 na herufi T. Hela 20 zipo nyingi za maumbo tofauti ya taji na maandishi, na kuna wakusanyaji ambao hawafanyi jambo jingine ila kuzitenganisha. Ilitoka pia rupia 15 ya dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, yenye ndovu na mlima nyuma yake. Hiyo ya dhahabu usiinunue kwa mtu wa njiani hata akikuapia, kwa kuwa ni miongoni mwa sarafu za kwetu zinazoigizwa sana. Wabelgiji waliuteka mji Septemba 1916 na kazi ikaishia hapo.

Bibi yetu wa Tanga alituachia kopo la sarafu, nyingi nyeusi, nyingine zimeota ukijani. Dada anataka kuzisugua kwa ukwaju na majivu kama tunavyosafisha sinia. Tumruhusu?

Mzuieni leo. Asidi ya ukwaju na ya limau hula tabaka la juu la madini, na majivu hukwaruza kilichobaki, kwa hiyo sarafu itang'aa kwa wiki moja na kupoteza sehemu kubwa ya thamani yake daima. Ule weusi mnaouona ni ngozi ambayo shaba au fedha hujiwekea kwa miaka mingi, na mnunuzi mzoefu huilipia.

Kinachoruhusiwa ni kidogo. Sarafu yenye udongo inaweza kulowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa, yale yanayowekwa kwenye betri za gari, kisha ikawekwa juu ya kitambaa laini ikauke bila kusuguliwa. Gundi au mabaki ya plasta huyeyuka kwa asetoni safi, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Ukijani ulio kama unga na unaoendelea kula shaba unahitaji mtu anayejua. Nyie itengeni sarafu hiyo na nyingine.

Adui wenu wa kila siku hapo Tanga ni unyevunyevu wa bahari. Wekeni kila sarafu ndani ya bahasha yake ya karatasi, bahasha ziwe ndani ya boksi linalofunga vizuri, na humo mtupie vile vipakiti vya kufyonza maji vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, mkivibadilisha mara kwa mara. Epukeni mifuko ya plastiki laini yenye harufu kama ya mpira mpya. Baada ya miaka michache hutoa utelezi wa kijani unaoharibu kila kinachoguswa. Na mkizishika, mzishike kwa ukingo, vidole visiguse sura.

Shangazi yangu anaishi Hamburg na kila akija huniletea sarafu za euro. Nimeambiwa hazina faida kwa sababu hata maduka ya kubadilisha fedha hayazipokei. Ni kweli? — Msomaji, Arusha

Ni kweli kwamba maduka hayo kwa kawaida hupokea noti na kukataa sarafu, na hilo ndilo linalozifanya sarafu za wasafiri zijazane kwenye droo za kwetu, ambako mkusanyaji huzipata karibu bure. Za euro zinafaa sana kwa anayeanza. Upande wa thamani unafanana nchi zote, na upande wa pili kila nchi imeweka alama yake: Ujerumani tai, Ireland kinubi, Ugiriki bundi kwenye euro 1. Mwombe shangazi asikuletee thamani kubwa. Akuletee aina tofauti. Tangu mwaka 2004 nchi hizo hutoa pia euro 2 za kumbukumbu, ambazo hupatikana kwenye chenji ya kawaida.

Kwa Ujerumani kuna jambo linalokuunganisha moja kwa moja na barua ya Tabora iliyotangulia. Viwanda vya Ujerumani bado vinatia herufi zilezile: A kwa Berlin, D kwa München, F kwa Stuttgart, G kwa Karlsruhe na J kwa Hamburg. Mwambie shangazi akutafutie euro yenye J, kisha wewe utafute rupia yenye J, na utaziweka pamoja sarafu mbili za mji mmoja, rupia ikiwa imetumika Tanga na Bagamoyo na euro kwenye maduka anakonunua mkate.

Kama ana jamaa Uingereza, jihadhari kidogo na peni 50 zenye michoro mbalimbali. Ile ya bustani za Kew ya mwaka 2009 ilitengenezwa 210,000 tu, na kwa sababu ya umaarufu huo imeghushiwa sana.

Assalaam alaykum. Hapa Muscat, kwenye soko la Mutrah, wanauza riale za Maria Theresa za mwaka 1780. Je, ni za mwaka huo kweli? Na babu aliyetoka Unguja alituachia vipande vya shaba vyenye picha ya mizani. — Msomaji, Oman

Waalaykum salaam. Riale hiyo karibu kila mara si ya mwaka 1780, na hilo halimaanishi kwamba ni bandia. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu hawakutaka kuona sarafu yenye mwaka au sura nyingine, viwanda viliendelea kuitengeneza kwa mwaka uleule: Vienna, na kwa nyakati tofauti London, Birmingham, Roma, Bombay na kwingineko. Kujua ipi ni ya wapi ni elimu yenyewe, inayosomwa kwenye manyoya ya mkia wa tai na vito vya kifuani mwa malkia. Wewe unayeanza uilipie kama madini ya fedha, si kama kitu cha kale. Iwe na gramu 28 na nukta chache, na ukingoni uone maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ukingo ukiwa laini au wenye meno ya kawaida, irudishe kwa mwenyewe.

Vipande vyenye mizani ni pesa za Sayyid Barghash bin Said, na wewe unayesoma Kiarabu utaona mwaka wa Hijria: 1299 au 1304, yaani takriban 1882 na 1887. Si adimu, lakini nyingi zimechakaa, kwa hiyo zenye maandishi yaliyo wazi zitunze. Riale ya fedha ya Sayyid huyo, ya mwaka 1299, ndiyo adimu. Mtu akikupa kwa bei ndogo, jiulize kwa nini.

Mimi ni mvuvi wa Kilwa. Maji yakitoka hukuta vipande vidogo vya shaba vyenye maandishi ya Kiarabu, na kuna mtu wa mjini anataka kuvinunua. Ni sarafu?

Yawezekana sana. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu zao za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika, nyingi hazina mwaka, na maneno ya upande mmoja hukamilisha kina cha upande wa pili. Hapa ushauri wangu unabadilika, ndugu yangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa ni urithi unaolindwa, kwa hiyo usiviuze, na huyo wa mjini mwambie hivyo.

Kuna sababu nyingine kubwa kuliko sheria. Sarafu ya Kilwa imewahi kupatikana kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Wanazuoni wanazijadili hadi leo kwa sababu mahali zilipookotwa panajulikana. Ya kwako ikiuzwa bila maelezo itakuwa kipande cha shaba tu. Usiioshe. Ifunge kwenye karatasi, andika juu yake siku, ufuko na umbali kutoka kwenye alama yoyote inayojulikana, upige picha kwa simu ukiweza, kisha upeleke yote kwa ofisa anayesimamia magofu ya Kilwa Kisiwani au kwa Makumbusho ya Taifa, na umwombe akuandikie kwamba wewe ndiye uliyeipata.